Kilio cha Wakonyo

Mama mkwe wangu, Wakonyo, hakuwa mtu wa machozi. Siku watu wa serikali ya kikoloni walipotuhamisha kwa nguvu na kuichoma nyumba yake, alijitwika chungu chake akaondoka bila kugeuka nyuma. Katika kijiji hiki kipya karibu na Ruiru wanawake walisema ana moyo wa jiwe. Mimi nilimwonea fahari, ingawa ulimi wake ulinichapa kila siku.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano. Mume wangu Wainaina alikuwa kizuizini, nami nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, miezi imetimia. Tulikuwa tukichimba mtaro wa kijiji kwa amri ya serikali niliposikia maji ya uvuguvugu yakinitiririka miguuni. Hayakuwa mkojo, maana hayakuzuilika. Uchungu sikuwa nao hata kidogo.

Mkunga wetu, Warigia, alinilaza kando akataka kuingiza mkono aone mtoto yuko wapi. Wakonyo akaupiga kofi mkono ule. Binti yake mwenyewe alipasukiwa na chupa ya uzazi vivyo hivyo, wakunga wakamchokonoa kwa mikono huku wakingoja uchungu. Ilikuja homa, ikamchukua yeye na mtoto.

"Mlango uko wazi, usiupelekee uchafu," alimwambia Warigia. "Huyu anakwenda hospitali Thika leo."

Alinifunga kitambaa safi, akakitazama tena baada ya muda: maji yalikuwa maangavu. Akaniuliza kama mtoto anacheza. Nikasema anacheza. Basi akanishika mkono hadi langoni.

Hakuna aliyetoka bila pasi, isipokuwa mgonjwa mahututi au mwanamke anayezaa. Nje lilisimama lori la kahawa la kwenda Thika, dereva akiongeza maji kwenye rejeta. Mlinzi wa lango, Mburu, alinikagua kutoka juu hadi chini.

"Mwanamke anayezaa namjua kwa kilio," akasema. "Huyu amesimama wima. Arudi kazini."

Wakonyo alimweleza, akamsihi, kisha akamtukana. Kusihi hakukujua, matusi aliyajua sana, na yote hayakusaidia. Nikajaribu kugumia. Sauti ikanitoka kama ya mbuzi, Mburu akacheka. Lori likawashwa.

Ndipo Wakonyo akajitupa chini. Alishika tumbo, akagaagaa vumbini, akaangua kilio hadi majembe yakanyamaza mtaroni. Warigia, aliyekuwa ametufuata, akasema, naye aliamini kabisa, kwamba Wakonyo akilia basi anakufa. Hata Mburu aliamini. Alikuwa mmoja wa walioshika mienge siku ile ya nyumba, na aliyaona yale macho makavu. Akafungua lango mbio, akambeba mwenyewe hadi kwenye lori, akaniamuru nipande nimshike mama yangu kichwa.

Tulipovuka daraja Wakonyo aliketi, akajipangusa pua.

"Usicheke, mwari," akaniambia. "Utamaliza maji."

Hospitalini nesi alifurahi kusikia kwamba hakuna mkono ulioingia. Walinidunga sindano ya kuzuia homa, wakawa wanayatazama maji na kumsikiliza mtoto. Uchungu ulikuja wenyewe, na kesho yake asubuhi nilizaa msichana mzima, mwenye mapafu ya kulia kwelikweli.

Tuliporudi, Mburu alikwisha jua kwamba alichezewa shere. Alimcheka Wakonyo mbele ya wanawake wote, eti kumbe bibi kizee wa moyo wa jiwe hugaagaa chini kama mtoto. Wakonyo akainamisha kichwa. Sikuwahi kumwona amekiinamisha, hata mbele ya moto. Nikawaka. Nilimfunua mtoto, nikapaza sauti ifike hadi mwisho wa mtaro.

"Huyu anaitwa Wakonyo. Mcheke na huyu pia."

Mila yetu humpa binti wa kwanza jina la mama ya baba yake, kwa hiyo jina halikumshangaza mtu. Lakini hakuna aliyecheka. Mama mkwe wangu aliinua shingo, akaninyang'anya mtoto na kutangulia kuingia langoni.