Kitu Yote Itoke Chini

Tangu alfajiri wodi ilinuka sabuni. Ndugu wa wagonjwa walikunja mikeka, wakapandisha beseni na chupa za chai juu ya vitanda, maana wakaguzi wa usafi walikuwa njiani.

"Kitu yote itoke chini," alisema Jean-Berchmans, msimamizi wa usafi. "Muzee, na hiyo chupa pia."

Usumani, fundi cherehani wa Kimironko, aliitazama chupa. Mrija wa mpira ulitoka ubavuni mwa mdogo wake Twahiru ukazama ndani ya maji mekundu. Jana Twahiru alianguka kwenye jengo la Kinyinya, nondo ikamwingia kifuani. Daktari Ingabire alimpasua, akaitoa, akashona pafu, akaacha mpira uondoe damu na hewa. "Mapovu yakitoka, ni vizuri," alisema, akakimbilia majeruhi mwingine.

Usumani hakusita. Tena aliona afadhali: damu ya ndugu yake isikae usawa wa viatu vya watu. Aliipangusa chupa kwa leso safi, akaiweka kitandani juu ya mto, karibu na bega.

Twahiru alicheka kwa shida. "Kaka, watu wa musikiti wakinikuta nimelala na chupa, watasema nini?"

"Watasema umepona."

Kisha maji mekundu yakaanza kurudi. Yalipanda mpira taratibu, yakaingia kifuani. Twahiru alifungua mdomo, hewa haikuja.

Muuguzi Ariane, aliyekuwa peke yake zamu hiyo, alikuja mbio akaishusha chupa. "Nani alipandisha hii? Inakaa chini ya mugonjwa, siku zote!"

Jean-Berchmans alitazama dirishani. Machela ikaondoka na Twahiru kurudi chumba cha upasuaji.

Ariane alirudi bila machela. "Ihangane, muzee," alisema. Ni pole wanayopewa waliofiwa.

Usumani aliinama kuchukua ndala za Twahiru. Kwenye kitanda cha pili, mama Xavérine alikuwa akiinua chupa ya mwanawe, naye mwenye mpira ubavuni, amesimamiwa na Jean-Berchmans. Usumani aliipokea kwa mikono miwili, akairudisha sakafuni, akaketi kando yake kwenye maji ya deki.

Mlangoni wakaguzi walikuwa wakisifu jinsi sakafu inavyong'aa.

"Amka, muzee. Unaniharibia kazi," Jean-Berchmans alinong'ona.

Usumani aliibana chupa kati ya magoti. Nyuma yake kitanda cha Twahiru kilikuwa kimekwisha tandikwa shuka jipya. Aliinamisha sikio, akasikiliza mapovu ya mtoto wa watu.