Eksirei za Nyotamkia

Anisia Mayala alikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya kata, Didia. Rafiki yake tangu chuo kikuu alikuwa Naznin, ambaye wazazi wake walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Shinyanga mjini. Kila Jumamosi Anisia alikwenda kwao, kwa kuwa ghorofani juu ya duka kulikuwa na kompyuta nzuri na intaneti isiyosumbua. Mama Naznin alimpakulia chakula kama mwanawe wa kumzaa.

Walikuwa wakichunguza nyotamkia. Darubini moja iliyoko angani ilikuwa imepima eksirei zake, na data zikawekwa wazi kwa yeyote azitakaye. Wanafunzi wa Anisia walishangaa: donge la barafu na vumbi litatoaje eksirei? Akawaeleza kwamba si donge lenyewe. Jua hupuliza chembe zenye chaji ya umeme. Chembe hizo zikikutana na gesi inayoizunguka nyotamkia huipokonya elektroni, na katika kupokonya huko ndiko eksirei hutoka.

Kuzipakua data ilikuwa kazi ya Naznin. Kuzichambua kulimchosha, akamwachia mwenzake. Miezi ikapita, hadi Anisia alipoona mng'ao ukipanda ghafla upande ulioelekea jua. Akalinganisha na vipimo vya upepo wa jua, akakuta dhoruba iliifikia nyotamkia wakati uleule. Akatengeneza picha ya samawati, yenye umbo la mwezi mwandamo, akawaonyesha kidato cha tatu. Naznin alimkumbatia, akasema wataandika makala pamoja.

Muda si mrefu Anisia akasikia kwamba Naznin atatoa mhadhara mtandaoni, ulioandaliwa na chuo kimoja cha ng'ambo. Alifurahi, ingawa alijiuliza kwa nini hakuambiwa. Akawakusanya wanafunzi maabara wamtazame rafiki yake.

Picha ya samawati ikajaa kwenye skrini. Naznin akasimulia alivyouona mng'ao, alivyoitafuta dhoruba. Kila mara alisema "mimi."

Binti mmoja, Mbuke, aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, si ile picha yako?"

Anisia alimwashiria aendelee kutazama. Alisubiri hadi mwisho, akitumaini kusikia jina lake japo kwenye shukrani. Naznin aliwashukuru wazazi wake.

Jumamosi akaenda mjini. Naznin hakukana.

"Nafasi ya masomo waliyoitoa chuoni kwao ilikuwa ya mtu mmoja," alisema. "Wewe tayari una ajira."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ungeniomba, Naznin."

Mama Naznin aliingia na sahani mbili za pilau. Anisia alimshukuru, akasema ameshiba, akashuka ngazi. Alilia akiwa nyuma ya bodaboda, na dereva akajifanya hasikii.

Alikiandikia chuo kile, akaambatanisha kazi yake yote. Baada ya kusubiri sana akajibiwa kwamba jina lake limewekwa kwenye utafiti. Nafasi ya masomo ilibaki kwa Naznin, naye akasafiri bila kuaga.

Msimu wa karanga ulipofika, baba yake Anisia aliuliza mbona yule rafiki yake wa mjini haji tena.

"Yuko Ulaya, baba. Anasoma."

Mzee akafurahi, akasema wamwombee. Anisia akaendelea kumenya karanga.