Ndoo ya Bluu Mbele ya Posta

Fundi masofa aliyeitwa Springi hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alilipata siku alipounda kiti cha kujilaza: unabonyeza kitufe, mgongo unashuka taratibu. Wa kwanza kukijaribu alikuwa mama mkwe wake. Mgongo haukushuka. Kiti kilimrusha bibi wa watu hadi mlangoni mbele ya wageni, kiatu kimoja kikabaki juu ya kabati. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa Springi wala kumsemesha, na mkewe Springi kila akimkumbuka mama yake aliosha vyombo kwa kelele.

Sasa Springi alikuwa na mchezo mpya. Kompyuta ya karakana ilikuwa inajaa barua pepe za matapeli: mara ameshinda gari, mara mjane tajiri anamtafuta. Wengine hufuta. Yeye alikuwa anajibu. Tapeli mmoja aliambiwa na Springi ajipige picha amesimama kwa mguu mmoja, eti ndio uthibitisho, na picha ikabandikwa ukutani wateja waicheke.

Asubuhi moja ikaingia hii:

"MKWE WANGU MPENDWA!!! NINA HABARI NJEMA. NI SIRI. USIMWAMBIE MTU, HATA MKEO. JIBU HARAKA!!!"

Springi akamwita kinyozi wa mlango wa pili.

"Njoo uone. Huyu leo kajifanya mama mkwe."

"Kwani mama mkwe wako ana barua pepe?"

"Yule? Hata rimoti anaishika kwa kitambaa, isimuume."

"Halafu mpendwa! Wewe?"

"Ndiyo hapo sasa. Tapeli hakuuliza majirani."

Akajibu: "Mama mpendwa, njoo kesho saa nne mbele ya posta. Vaa kofia nyekundu, ushike ndoo ya bluu, nikutambue."

Jibu halikuchelewa: "NITAVAA. LAKINI NDOO YA NINI???"

"Ndoo ni lazima, mama. Bila ndoo hatuelewani."

Kinyozi alicheka hadi akashika ukuta.

Kesho yake walikwenda wote wawili, simu mkononi tayari kwa picha. "Kaja kweli, mjinga!" Springi akanong'ona. "Ona ndoo ile!" Kisha mwenye ndoo akageuka. Chini ya kofia nyekundu kulikuwa na uso ambao Springi mara ya mwisho aliuona ukiwa hewani.

"Nimemwacha mteja na povu kidevuni," kinyozi akasema, akatokomea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesimama hapa kama chizi. Watu wananiuliza nauza nini."

Springi alitafuta uongo. Uongo wa kutosha ndoo ile haukupatikana.

"Nilidhani ni tapeli, mama. Nilikuja kucheka."

"Nimehangaika na kompyuta, macho yananiuma," mama akasema, "nije nimshtukize mwanangu. Nikasema barua ya kwanza nikuandikie wewe, yaishe." Akageuka kuelekea stendi.

"Mama, nakuomba! Ukirudi zako, mwanao hatakuja kucheka tena ndani ya nyumba ile. Nipe adhabu yoyote."

Akasimama. Akamtazama juu hadi chini. Kisha akavua kofia, akamvisha yeye mpaka masikioni.

"Na ndoo ubebe. Tupitie sokoni."

"Sokoni, mama? Kuna wateja wangu."

"Ndiyo maana."

Walipita sokoni. Walipita pia mbele ya kinyozi, polepole. Nyumbani, mke wa Springi alipoona nani yuko mlangoni alipiga kelele, akamrukia mama yake, wakalia na kucheka kwa pamoja.

"Karibu ukae, mama," Springi akasema, akionyesha sofa lake zuri kuliko yote.

Mama alilizunguka. Akalibonyeza kwa kidole kimoja, akainama kuchungulia uvunguni. Kisha akaichukua ile ndoo mkononi mwa Springi, akaifudikiza katikati ya sebule, akaikalia.

"Hii," akasema, "haina kitufe."

Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Springi alibaki amesimama na kofia yake nyekundu. Hakuna aliyemwambia aivue.