Alivyofukuzwa Rahabu

Wifi yangu Scholastika ana kichwa kigumu, na wala simsengenyi, maana nilishamwambia usoni. Tangu kaka yangu Antipasi apigwe na kiharusi, akapooza upande wa kulia na maneno yakampotea, hakuna mkono mwingine uliomgusa. Yeye ndiye anamgeuza, anamwogesha, anamlisha uji kwa kijiko, anafua mashuka, halafu anakwenda kupalilia shamba. Mimi niko Shelui napikia madereva wa malori, siwezi kuja kila ninapotaka. Nikifika kwao Mwankoko namkuta amekonda kuliko mgonjwa mwenyewe.

Mwisho mgongo ukamkataa. Daktari akamwambia waziwazi kwamba akiendelea kumnyanyua mwanamume yule peke yake, watalala wote wawili na hakutakuwa na wa kuwauguza. Watoto wao wako mbali na maisha yanawabana. Nikamwambia, "Wifi, tafuta mtu akupokee, hata siku moja tu kwa wiki."

"Nilete mwanamke nisiyemjua amvue mume wangu nguo?" akanijibu. "Akimfinya, Antipasi atanisimulia kwa mdomo gani?"



Baadaye alikubali, shingo upande. Kuna kikundi cha akina mama pale mjini waliofundishwa kutunza wagonjwa majumbani. Kazi yao ni kumpokea anayeuguza ili apumzike kidogo. Wakamleta Rahabu, mama wa makamo kutoka Utemini, mpole, anayemwamkia wifi yangu kwa kupiga goti. Mwanzoni Scholastika hakutoka nyumbani. Alikaa jikoni anachambua mboga, sikio liko chumbani. Akaona yule mama anaongea taratibu na kazi yake ni safi. Siku moja akathubutu kwenda kliniki ya mgongo, akarudi akamkuta mumewe mkavu, ameshiba. Wiki iliyofuata akanipigia simu kwamba yuko kwa jirani anasukwa nywele. Tangu kaka augue hakuwahi kusukwa. Nilifurahi mpaka nikaunguza maharage ya wateja.

Halafu kuna siku alisahau miwani. Akarudi njiani, akapitia uani, na alipofika dirishani akasikia sauti ya Rahabu, wala haikuwa ile ya upole.

"Wewe mtumwa, kula. Unamtemea nani uji? Utakufa lini tuje tule kuku wako? Na hilo koti lako nalivaa mimi siku tunayokuzika."

Akachungulia. Antipasi alikuwa anaunguruma, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka. Alikuwa anajikakamua kutoa neno. "Msha," alisema. "Msha." Scholastika akasikia mumewe anaomba msaada.

Kwa hapo simlaumu, hata mimi ningeingia na mwiko. Namlaumu kwa yaliyofuata. Alimtoa Rahabu kwa kumvuta gauni, akalitupa begi lake nje, nguo zikamwagika vumbini, watoto wa jirani wanatazama. Rahabu alipofungua mdomo kueleza, akaambiwa anyamaze, mchawi mkubwa. Na hakuishia hapo. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaenda na kwenye kikundi, akasema wamemletea mtu wa kuwatesa wagonjwa. Rahabu akasimamishwa kazi.

Nilikuja Jumapili baada ya hayo. Nikamkuta kaka amegeukia ukuta, kijiko kikimgusa mdomo anaubana. Scholastika akanisimulia yote huku tunamenya viazi, na kuna namna ya kujisifu ilikuwa inamtoka, kwamba si nilikwambia. Alipofika kwenye kuku na koti, mkono wangu ukasimama.

"Huyu Rahabu ni mtu wa wapi?"

"Si nimekwambia, Utemini."

"Nauliza kabila lake, wifi."

"Siku hizi nani anaulizana kabila? Nasikia baba yake alitokea Shinyanga."

Msukuma. Nilitaka kucheka, kicheko kikakwama. Scholastika ni Mnyaturu, kwao utani ule haupo, na kaka asingeweza kumweleza. Nikamwambia, "Sisi Wanyiramba na Wasukuma ni watani. Tunaitana watumwa, tunaombeana vifo, tunagawana makoti ya watu wazima wakiwa hai. Yule mama alikuwa anamtania mumeo."

"Alikuwa analia. Niliyaona machozi kwa macho yangu."

Nikaenda kitandani. "Kaka, Rahabu alikuwa anakutania?"

Akafungua macho. Mkono wa kushoto ukaanza kupigapiga godoro, mdomo ukavutika upande mmoja, mabega yakatikisika. "Msha," akasema, akapumua, akalisukuma tena. "Msha-mba."

Mshamba. Ndivyo tunavyowaita Wasukuma kule Shelui wakituita watumwa. Kaka yangu hakuwa anaomba msaada. Alikuwa anarudisha tusi, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu alale pale. Machozi yalikuwa ya kicheko, maana uso ule uliopooza ulikuwa haujui tena kucheka vizuri. Scholastika akakaa chini sakafuni na kisu chake mkononi.

Tulikwenda Utemini wote wawili. Rahabu alitukaribisha viti, akatuletea maji, hakuonyesha hasira yoyote, na hiyo ikaniumiza zaidi. "Siku ya kwanza ulinitajia kwamba mzee ni Mnyiramba wa Shelui," alimwambia Scholastika. "Nikamnong'oneza kwamba basi yeye ni mtumwa wangu. Akacheka. Tangu hapo nikawa simlishi bila kumtania, na alikuwa anamaliza bakuli. Mbele yako nisingethubutu, mama. Wewe si mtani wangu, wewe nakuheshimu."

"Mbona hukunieleza?"

Nikamkanyaga wifi mguu, maana swali gani hilo.

Scholastika akaomba msamaha, akalia. Akaenda mwenyewe kwenye kikundi, akafuta maneno yake mbele ya watu. Wakamrudisha Rahabu, lakini wakamwonya kwamba utani ni wa msibani na harusini, sio kitandani kwa mgonjwa. Scholastika akawajibu kwamba nyumbani kwake anaruhusu. Nikaahirisha kurudi Shelui ili nimwone kaka akicheka.

Rahabu alikuja asubuhi na begi lilelile. Kaka alipoisikia sauti yake uani, akageuka mwenyewe kutoka ukutani, jambo ambalo huwa tunamsaidia kulifanya. Rahabu akasimama pembeni ya kitanda, akainama.

"Shikamoo, baba. Naomba nikugeuze."

Kaka akamtazama, akasubiri. Aligeuzwa, akafutwa mgongo, akabadilishwa shuka, kazi safi kama siku zote. Alipoona kimya kinazidi akaanza yeye. "Msha-mba."

"Ndiyo, baba," Rahabu akasema, na jicho likamwenda mlangoni aliposimama Scholastika.

Wifi akaelewa. Akanivuta mkono tukatoka, tukasimama uani kama watu waliofika kwa wenyewe. Tukasikia kijiko na bakuli tu. Akashindwa kuvumilia, akarudi ndani, na mimi nyuma yake.

"Mtukane," akamwambia. "Nakuomba, mtukane mume wangu."

Rahabu akaweka bakuli chini. "Siwezi, mama. Nimejaribu tangu nilipoingia. Neno likifika hapa kooni naziona nguo zangu kwenye vumbi na wale watoto wanavyoniangalia. Mtu hatanii huku anaogopa. Nikimwambia sasa hivi utakufa lini, litakuwa tusi kweli."

"Sitakufanya kitu tena. Naapa."

"Najua, mama. Nimekusamehe. Ila utani umeniisha."

Kaka alikuwa anatutazama mmoja mmoja. "Msha-mba," akasema tena, safari hii polepole, kama anayebembeleza. Rahabu akachukua kitambaa akamfuta kidevu.

"Pole, baba," akamwambia.

Mtu aliyekuwa akiitwa mtumwa anacheka mpaka machozi, sasa kwa hilo neno baba uso ukamkunjika, akaugeuza ukutani, akaanza kulia.