Kitambaa Chekundu kwenye Koki ya Tangi

Aksel alipanda rapa yake ya mwisho, zao la mbegu za mafuta lenye maua ya njano, mwezi wa Agosti, katika shamba la nyuma ya ghala, na Novemba akazikwa. Tangu hapo binti yake, Inger-Lise, aliliona shamba lile kuwa ndilo lililobaki la baba. Alitaka jambo moja tu: alione likichanua njano mwezi wa Mei, kisha alivune.

Mwishoni mwa Aprili rapa za majirani wote pale kisiwani Falster zilikuwa zimeanza kung'aa. Ya Aksel ilikuwa imedumaa. Majani yalikuwa yamegeuka zambarau, vitumba vya maua vimejikunja na kukauka.

Mdogo wake Inger-Lise, Palle, alilaumu baridi. Kesho yake akalaumu njiwa. Inger-Lise alilitembea shamba zima kwa miguu. Upande wa lango, ambako Palle alianzia kunyunyizia dawa ya wadudu, mimea ilikuwa hoi. Kadiri alivyosonga mbele ndivyo ilivyopata nafuu. Na kule mwisho kabisa, ukanda ambao dawa iliisha kabla ya kuufikia ulikuwa umemfika kiunoni, umejaa maua. Baridi haichagui hivyo. Njiwa nao hawali kwa mstari.

Ilikuwa dawa ya magugu ya ngano, iliyobaki ndani ya tangi. Rapa haivumilii hata masalia yake. Ndiyo maana Aksel, kila alipotoka kwenye ngano, aliliosha tangi la kunyunyizia mara tatu, mara moja kwa amonia, kisha akafunga kitambaa chekundu kwenye koki. Kitambaa kikiwepo, tangi ni safi. Kwa miaka thelathini hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Siku ya kunyunyizia, Inger-Lise mwenyewe alikiona kitambaa, akamfungulia Palle lango.

Alimkuta jikoni na kahawa yake, mkate mweusi mkononi.

"Uliosha tangi?"

"Si uliona kitambaa, dada?"

"Nimekuuliza tangi."

Palle alitafuna polepole. Hatimaye akasema alisuuza kwa maji mara moja, mvua ilikuwa inakuja, na kitambaa alikifunga ili asisumbuliwe na maswali. Hata hivyo, akasema, kesho ataipiga jembe rapa yote na kupanda shayiri, mwaka usipotee bure.

"Na baba naye alikuwa anakosea," akaongeza. "Wewe umeshamfanya malaika."

"Alikosea mengi. Kitambaa cha uongo hakuwahi kufunga."

Inger-Lise akachukua ufunguo wa trekta ukutani. Palle akainuka nusu, akamwambia atulie, hajashika jembe tangu usichana wake.

"Baba tulimzika wote," Inger-Lise alisema. "Shamba hili hutalizika wewe. Nitalizika mimi."

Alilima mpaka jioni, meno yameumana, udongo mweusi ukiifunika mistari aliyoipanda baba yake. Alipoufikia ule ukanda wenye maua akainua jembe, akageuza.

Safari moja, alipokuwa akikata kona karibu na ghala, alimwona Palle ameshika mpira wa maji, dumu la amonia miguuni, analiosha tangi. Palle alimpungia mkono asimame.

Inger-Lise hakupunguza mwendo. Kitambaa chekundu, alichokifungua kwenye koki kabla ya kuwasha trekta, kilikuwa mfukoni mwake.