Barabara Iliyofuata Mtungi

Msinicheke. Barabara ya kijiji chetu hapa Keza imepinda kwa sababu ya pombe, na mimi Eustakia nimo kwenye lawama. Lakini simo peke yangu!

Mwaka ule wa vita vya Kagera malori yalikwenda kubeba askari. Maharage yangu yakakaa ghalani mpaka bungua wakayamaliza. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na paa lilivuja pale pale juu ya kitanda cha mama mkwe wangu, Domisiana. Kila mvua ikinyesha alihama na mkeka wake, huku akisema, "Mwanangu kaoa mwenye mdomo, angeoa mwenye mabati." Nilicheka, lakini iliniuma. Nilitaka bibi yule alale pakavu kabla hajafa, basi.

Vita vilipokwisha tukaambiwa lori moja litakuja kununua mazao, mradi tuchimbe barabara. Mume wangu Theonest, balozi wa nyumba kumi, akapigilia vigingi, mstari umenyooka, akajisifu. Maskini! Alisahau desturi yetu: kazi ya pamoja huishia penye mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tena mtungi haupelekwi kwa wachimbaji. Wao ndio huufuata, jembe mkononi.

Wanawake tukapokezana kuipika pombe hiyo. Zamu ya Jovina, barabara ikapinda kwa Jovina. Zamu ya Clotilda, ikakata kona kwenda kwa Clotilda. Vigingi vya Theonest tukafungia mbuzi.

Mimi nikaomba zamu ya mwisho, barabara iishie uani kwangu na lori ligeuzie hapo. Nilijiona mjanja kweli.

Lori likaja. Dereva alilaani kila kona, lakini kila kona ilikuwa na mlango, na mlangoni magunia. Lilipofika kwangu lilikuwa limejaa pomoni, hata kuku asingepata pa kukaa. Dereva akageuza, akaenda zake.

"Ujanja mwingi mbele giza," akasema mama mkwe.

Nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake nikafukia ndizi ziive. Theonest akashangaa. "Za nini tena? Barabara si imekwisha?"

"Imekwisha kwa nani?" nikamjibu.

Safari hii mtungi niliuweka nyuma ya nyumba. Siku nyingine nikausogeza mbali kidogo, kisha mbali zaidi, mpaka wachimbaji wetu wakakutana na barabara ya watu wa Nyakisasa, kijiji jirani.

Msimu uliofuata lori liliingia kwa upande ule. Mlango wa kwanza, wangu! Jovina alininunia, lakini hakununa sana. Kwa kuwa njia sasa ilipenya mpaka upande wa pili, malori yakaongezeka, na mlangoni kwake watu wakaanza kuuziana chumvi, sabuni na majembe. Leo ni soko, naye anajifanya ndiye aliyelianzisha.

Nami nikapata mabati, yakaja kwa lori lile lile. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza nikapiga magoti kitandani kwa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Makelele gani haya juu? Nyasi zilikuwa kimya."

Nikaenda uani. Mtungi wangu wa rubisi ulikuwa umefunikwa vizuri kwa kipande cha mkeka. Nikakitazama, nikakitambua. Ulikuwa ule mkeka wa mama mkwe wa kuhamia paa likivuja, ameukata mwenyewe.