Tumbo la Bosi

Mume wa mdogo wangu ni dereva, na udereva haujawahi kumtosha. Kazi yake ilikuwa kumpeleka na kumrudisha bosi wa kiwanda cha sabuni, lakini ukimsikia akizungumza sebuleni ungedhani bosi ndiye anayeshika usukani. Mimi nilimjua tangu siku ya posa: debe tupu.

Kazi yangu ni kugangua. Watu hujigeuza hovyo kwa uchawi wa kununua, wakiharibikiwa huja kwangu wakilia. Nimewahi kumrudisha mwanamke aliyetaka shingo ndefu akaota ya bata. Mteja simcheki. Huyu nilimcheka.

Mdogo wangu alimleta alasiri, kamfunika shuka gubigubi.

"Dada, nisitiri," alisema huku machozi yakimtoka.

Nikaivuta shuka. Shemeji alitaka kuwa bosi mzima mzima. Akaambulia tumbo la bosi, upara wa bosi na sauti ya bosi. Vilivyobaki, vile vikono na miguu ya kuku, vilikuwa vyake. Alisimama kama tikiti lililochomekwa njiti.

"Shemeji, fanya haraka," alinguruma. "Kesho nina kikao."

"Una kikao, au unampeleka mwenye kikao?"

Akaivuta shuka ajifunike tena.

Uganguzi wangu hauna mbwembwe. Aliyeharibika hutumbukiza mikono kwenye beseni la maji, nami nayasoma maneno ya uchawi alioununua kinyumenyume, la mwisho likiwa la kwanza. Kisha aseme yeye ni nani. Akidanganya, kasoro huzidi. Nilimwambia hayo yote, nikasoma.

"Haya, wewe nani?"

"Mimi ni msaidizi wa karibu wa mkurugenzi."

Tumbo likafura. Kifungo cha shati kikaruka, kikagonga sufuria.

"Wewe nani?"

"Mshauri wake... wa mambo ya usafiri."

Shati likachanika mgongoni. Hapo mdogo wangu akaacha kulia.

"Sema, utapasuka!" alimfokea. "Mimi niliolewa na dereva na sikuona aibu. Wewe aibu umeitoa wapi?"

"Mimi ni dereva," alinong'ona.

Tumbo likanywea kama mpira uliochomwa msumari. Nywele zikarudi, na kile kisauti chake chembamba kikarudi. Na unajua neno lake la kwanza lilikuwa lipi? Ahsante? Thubutu!

"Shemeji, ile sauti je? Usingeweza kuniachia?"

"Sauti umeifanyia nini?" nilimuuliza, maana namfahamu.

Akajikuna kisogo. Asubuhi, alipoona imemkaa vizuri, alimpigia simu mzee wa getini kiwandani, yule anayemcheka akivaa tai, akamfukuza kazi.

"Mzee wa watu!" mdogo wangu alishika kichwa. "Dada, gangua na hilo."

"Hilo sina dawa yake. Aende mwenyewe akaseme."

Mdogo wangu alimswaga mbele yake hadi kiwandani. Nami nikafuata, kioja cha bure hakikataliwi. Mzee tulimkuta palepale getini, anafuta kiti chake kwa kitambaa. Shemeji akaeleza yote akitazama viatu. Mzee hakukasirika. Heri angekasirika.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Bosi akinituma husema 'tafadhali'. Nikajiambia, huyu mwenye sauti ya bosi na adabu za kunguru namfahamu. Nikaendelea kunywa chai yangu."

Kisha akanyoosha mkono.

"Bosi kaja na teksi leo. Kaagiza ukifika nizipokee funguo za gari. Nimemweleza na ile simu. Kacheka hadi kapaliwa."

Shemeji alizitoa mfukoni taratibu, kama mtu anayeng'olewa jino. Akageuka kumtafuta mkewe amtetee, lakini mdogo wangu alishaanza kuondoka.

"Dada," aliniambia nilipomfikia, "kile chumba chako cha nyuma kina mtu?"

"Hakina."

Hatukugeuka nyuma.